Fizi zinatoka damu, nimeambiwa nisafishwe

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 46, naendesha daladala hapa Tanga. Kila nikipiga mswaki natema damu, na jino moja la chini limeanza kucheza. Kliniki wameniambia nikwanguliwe meno. Jirani anasema wakikwangua, meno yatalegea zaidi. Si heri ninunue dawa tu dukani?

JIBU: Marahaba. Jirani yako ameona kitu cha kweli, ila amekosea chanzo. Ugaga mgumu hujibana kati ya meno kama saruji. Ukiondolewa, jino lililokwisha kupoteza mfupa huonekana linacheza zaidi. Aliyelilegeza ni ugonjwa, siyo kifaa cha daktari.

Daktari ataingiza kijiti chembamba chenye alama kati ya fizi na jino. Kina cha milimita 1 hadi 3 ni kawaida. Kuanzia 4 kunahitaji kuangaliwa kwa makini. Palipo na kina kirefu, omba ganzi, kwa sababu atasafisha mpaka kwenye mzizi. Meno yatasisimka kwa maji baridi siku kadhaa, halafu hupoa.

Vidonge peke yake haviondoi ugaga. Umetupa hela.

Pima sukari pia. Ikiwa juu, fizi hazitulii vizuri hata usafishwe vipi. Na sigara, maana madereva nawajua: moshi wake huficha damu huku mfupa ukiliwa. Baada ya miezi miwili au mitatu rudi upimwe tena. Hilo jino la chini lising'olewe kwa haraka. Mengine hukaza fizi zikipona.