Sindano ya Herceptin ya paja: mambo ya kujua kabla ya kwenda kuchomwa

Wengi wakiambiwa kwamba dawa ya saratani ya matiti inachomwa kwenye paja, dakika tano tu, bila dripu, hushusha pumzi. Wana haki. Ila wepesi huo una hasara zake: eko ya moyo (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) inaahirishwa, tarehe inasogezwa kupisha harusi, kichupa kinasafirishwa ndani ya mkoba. Dawa ni ileile iliyokuwa ikiingia kwa dripu, na kilichopungua ni muda wa kukaa kitini tu.

Dawa yenyewe inaitwa trastuzumabu. Herceptin ni jina la kibiashara la kampuni ya Roche. Si kemo (tibakemikali). Ni kingamwili iliyotengenezwa ili ishike protini iitwayo HER2, ambayo kwenye baadhi ya saratani za matiti hujaa kupita kiasi juu ya seli na kuzichochea zigawanyike ovyo. Kama protini hiyo haijazidi, dawa haina cha kushika, na mgonjwa atabaki na gharama na hatari za moyo bila faida. Kwa hiyo kabla ya yote omba nakala ya ripoti ya kinyama kilichopimwa, uangalie sehemu ya HER2. Ikiwa 0 au 1+, hiyo ni hasi. Ikiwa 3+, ni chanya. Ikiwa 2+, bado haijaamuliwa: kinatakiwa kipimo cha pili, ambacho huandikwa FISH au ISH, kinachohesabu jeni lenyewe. Jibu la 2+ peke yake halitoshi kuanzisha dawa hii, wala halitoshi kuambiwa haikufai.

Sasa tuje kwenye kichupa, kwa sababu hapa ndipo mgonjwa anaweza kujilinda mwenyewe kwa macho yake. Trastuzumabu ipo ya aina mbili, na hazibadilishani njia. Ya chini ya ngozi ni maji tayari, mililita 5, na kwenye lebo pameandikwa 600 mg/5 ml. Ya mshipani huwa ni unga mkavu, kwa kawaida miligramu 150 au 440, ambao lazima uyeyushwe kwanza kisha uwekwe kwenye dripu ya chumvi. Trastuzumabu nyingi za bei nafuu, zile zinazotengenezwa na kampuni nyingine kwa kufuata ileile ya awali, ni za unga. Ukiona muuguzi ameandaa kitu kilichotoka kwenye unga na anaelekea pajani, muulize. Muulize pia ukisikia jina linalofanana lakini lenye neno la pili, trastuzumabu emtansini. Hiyo ni dawa nyingine kabisa, imebeba sumu ya kemo mgongoni, na kipimo chake ni kidogo mno kuliko hiki. Muuguzi mzuri hakasiriki akiulizwa; atakugeuzia lebo uisome.

Kipimo cha paja ni miligramu 600 kwa kila mtu, awe na kilo 45 au 95. Hakuna kipimo kikubwa cha kuanzia. Hii ni tofauti na dripu, ambayo huanza kwa miligramu 8 kwa kila kilo ya uzito, kisha 6 kila baada ya wiki tatu. Kwa hiyo usishtuke jirani yako wa kliniki akipimwa uzito na kupigiwa hesabu huku wewe ukichomwa bila hesabu yoyote.

Mililita 5 ni nyingi kwa sindano ya chini ya ngozi. Zinaingia kwa sababu dawa imechanganywa na kimeng'enya, hayaluronidasi, kinacholegeza tishu kwa muda ili maji yapenye na kusambaa. Baada ya siku moja au mbili tishu hurudi zilivyokuwa. Lakini kimeng'enya kinahitaji nafasi ya kufanya kazi, ndiyo maana dawa husukumwa polepole, kati ya dakika 2 na 5. Ikisukumwa kwa haraka inachoma, inavimbisha, na mgonjwa anaondoka akiamini kwamba dawa ndiyo kali, kumbe ni mkono wa aliyechoma. Una haki ya kusema, "Nesi, taratibu." Kosa la pili linaloleta maumivu ni dawa kutoka kwenye friji na kwenda moja kwa moja mwilini. Ikiachwa kidogo juu ya meza ipoteze ubaridi, tofauti unaisikia. La tatu ni sindano kuziba: ncha ikiachwa imefungwa kwenye bomba lililokwisha kujazwa dawa, inaweza kuganda ndani, muuguzi akalazimika kusukuma kwa nguvu. Ncha mpya hufungwa pale pale, muda mfupi kabla ya kuchoma.

Mahali ni paja, na paja tu. Utafiti wa dawa hii ulifanywa pajani, si tumboni wala mkononi. Leo la kulia, safari ijayo la kushoto. Alama mpya ikae angalau sentimita 2.5 kutoka ile ya zamani, na isiwe pale ngozi ilipo nyekundu, ngumu, yenye jeraha au inayouma ukiigusa. Kama unachomwa dawa nyingine ya chini ya ngozi siku hiyo, iende mahali pengine. Andika kwenye kadi yako paja lililochomwa, maana baada ya siku 21 hakuna anayekumbuka, na usiku wa zamu nyingi muuguzi naye hakumbuki. Vaa dera, leso au sketi pana. Suruali ya kubana itakulazimisha uvue na kukaa bila amani.

Baada ya kuchomwa usikimbilie matatu. Miongozo ya mwanzo ilitaka mgonjwa aangaliwe saa 6 baada ya sindano ya kwanza na saa 2 baada ya zinazofuata. Vituo vingine siku hizi hufupisha. Fuata muda wa kituo chako, hasa mara ya kwanza, kwa kuwa matatizo mengi ya mzio hutokea hapo: kutetemeka kwa baridi, homa, vipele, kifua kubana, uso au midomo kuvimba. Baridi na homa ndogo huisha kwa dawa za kawaida. Kifua kubana si cha kuvumilia hata dakika moja; mwite mtu. Paja kuwa jekundu na kuuma kidogo ukiligusa kwa siku mbili tatu ni kawaida. Usilikande kwa nguvu, usilipake dawa za kuchua zenye moto.

Nywele je? Trastuzumabu peke yake kwa kawaida hainyonyoi nywele. Zikitoka, mara nyingi ni kemo unayopewa sambamba. Na kwa sababu hiyohiyo ya kemo, homa ya 38 au zaidi ni safari ya hospitali usiku huohuo, kwani huenda chembe nyeupe za damu zimeshuka. Pima joto kwanza kabla ya kumeza Panadol. Ukimeza kwanza, kipimajoto kitakudanganya.

Tarehe. Matibabu ya saratani iliyogundulika mapema ni mwaka mmoja, sindano 18, kila baada ya siku 21. Saratani ikiwa imeshasambaa, dawa huendelea maadamu inafanya kazi na mwili unaihimili. Ukikosa sindano ya paja, usingoje "mwezi ukae sawa": nenda mapema iwezekanavyo, kisha hesabu siku 21 upya kuanzia siku uliyochomwa. Kamwe zisisogezwe karibu ili kufidia. Aliye kwenye dripu ana la kuogopa zaidi. Akichelewa kwa zaidi ya wiki moja, lazima arudie kipimo kikubwa cha kuanzia. Mwanamke wa kilo 60 aliyekuwa akitumia miligramu 360, kiasi kinachotoka kwenye kichupa kimoja cha 440, ghafla anahitaji 480, yaani kichupa cha pili kifunguliwe. Uzembe wa siku chache unageuka kuwa pesa.

Kuhusu pesa: nchini Kenya, mwaka 2025 serikali ilitangaza makubaliano na Roche yaliyoshusha gharama ya kila sindano kutoka takriban shilingi 120,000 hadi 40,000, nayo SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii inayosimamia bima ya afya ya umma, ikachukua kulipa kiasi hicho chote. Habari njema, lakini mfumo haukujui kwa sura. Hakikisha usajili wako uko hai na michango haijalala, ripoti ya HER2 iko kwenye faili, na idhini ya malipo imeombwa kabla ya siku yenyewe. Uliza wiki moja kabla. Ukiuliza asubuhi ya sindano utapoteza siku nzima kwenye foleni.

Kama umetumwa kununua dawa nje ya hospitali, jambo ambalo hatulipendi, shughulika na baridi. Kichupa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kibebe kwenye kisanduku cha baridi, barafu iwe imefungwa kwa kitambaa au gazeti ili kichupa kisiiguse, kwani dawa hii ni protini na ikiganda imeharibika hata kama kwa macho inaonekana safi. Usikitikise. Nje ya friji muda wote ukijumlishwa, kwenye kichupa na kwenye bomba la sindano, usizidi saa 6, na joto lisipite nyuzi 30. Kwa mtu wa Mombasa mwezi wa Februari, au wa Dar es Salaam, nyuzi 30 zinapitwa asubuhi tu. Gari lililoegeshwa juani halina hata mjadala. Dawa ikiwa na mawingu au vipande vinavyoelea, isichomwe.

Moyo ndio tungependa usiusahau kuliko yote, kwa sababu haulii mapema. HER2 ipo pia kwenye misuli ya moyo, nayo huisaidia kuhimili mzigo. Dawa ikiizuia, moyo unaweza kulegea, hasa kwa aliyewahi kupewa doksorubisini, ile kemo nyekundu, au mwenye presha. Eko hufanywa kabla ya kuanza na kila baada ya miezi mitatu. Kwenye karatasi tafuta EF, asilimia ya damu ambayo moyo unasukuma kwa kila pigo. Kanuni inayotumika ni hii: ikishuka kwa pointi 10 au zaidi kutoka ya mwanzo na pia ikawa chini ya 50, dawa husimamishwa na eko hurudiwa baada ya wiki tatu hivi. Aliyeanza na 64 akafika 48 anasimama. Aliyeanza na 66 akafika 55 ameshuka pointi 11, lakini bado yuko juu ya 50, hivyo kwa kawaida huendelea huku akichungwa. Bila karatasi ya kwanza hesabu hii haiwezekani, basi tunza zote, na ikiwezekana pimwa mahali pamoja. Kwa wengi moyo hurudi ukisimamishiwa dawa mapema.

Usingoje miezi mitatu ukiona miguu inavimba, unahema ukipanda ngazi ulizozizoea, unahitaji mito miwili ili ulale, unakohoa usiku, au uzito umeongezeka kilo mbili ndani ya siku chache bila kula zaidi.

Mimba isiingie wakati wa matibabu wala katika miezi 7 baada ya sindano ya mwisho. Dawa hii hupunguza maji yanayomzunguka mtoto tumboni, na figo na mapafu yake huumia. Kwa kuwa saratani nyingi za matiti huchochewa na homoni, kondomu au kitanzi cha shaba hufaa kuliko vidonge na sindano za uzazi wa mpango. Kunyonyesha nako husubiri miezi hiyohiyo 7.

Na ukimaliza ya 18, eko haijaisha. Inaendelea kila baada ya miezi sita kwa miaka miwili. Omba tarehe ya kwanza siku hiyohiyo ya sindano ya mwisho, faili likiwa bado mezani, maana ukishatoka kliniki hakuna atakayekupigia simu.