Kabla hujampelekea mwekezaji kaboni yako

Wadogo zangu mnaoanza mwaka huu kwenye maabara za nyenzo hapa Mbeya na Iringa, hasa ninyi wa kaboni, bayochaa (mkaa wa mabaki ya mimea) na silika ya maganda ya mpunga, naandika haya kwa sababu nimechoka kuona slaidi ileile. Kila kundi jipya linakuja na grafu ya adsopsheni (jinsi nyenzo inavyonasa vitu usoni mwake) iliyopanda vizuri, namba ya BET (eneo la uso kwa kila gramu) kwa herufi nene, picha ya hadubini yenye matundu kama sega la nyuki, na mwishoni maneno "Tunatafuta mwekezaji". Mwekezaji anauliza maswali matatu yasiyokuwemo kwenye slaidi. Kundi linatazamana. Mazungumzo yanaishia kwenye soda na picha ya pamoja.

Kinachoniuma ni kwamba fedha zipo na watu wanatafuta pa kuziweka. Oktoba 2025 Nobel ya kemia ilikwenda kwa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi kwa kazi yao ya MOF, yaani nyenzo za metali zilizounganishwa na molekuli za kaboni na kujaa matundu madogo mno, na tangu hapo nimeulizwa habari za nyenzo zenye vinyweleo na watu ambao kemia waliiacha kidato cha pili. Aprili mwaka huohuo, NetZero ya Ufaransa ilishika nafasi ya pili kwenye shindano la XPRIZE la kuondoa kaboni hewani, ikaondoka na dola milioni 15. Kazi yao ni bayochaa, na malighafi yao kubwa ni maganda ya kahawa. Ndiyo, maganda ya kahawa, kama yale yanayorundikana Mbozi. Na asiwadanganye mtu kwamba haya ni ya Wazungu tu: mwaka 2015 Askwar Hilonga wa Arusha alishinda tuzo ya Africa Prize ya Royal Academy of Engineering kwa chujio lake la maji linalounganisha mchanga na nyenzo za nano. Basi tuzungumze.

1. Acha kuuza BET.

Najua msimamizi wako anaipenda na rivyua wa jarida ataidai. Ipime, iandike, iache kwenye kiambatisho. Tazama CALF-20, nyenzo ya zinki iliyotoka Chuo Kikuu cha Calgary kwa ajili ya kukamata kaboni dayoksaidi kwenye moshi wa viwanda. Eneo lake la uso ni kama mita za mraba 530 kwa gramu, wakati kuna MOF zinazopita 7,000. Kwa kipimo chenu ingekuwa mtoto wa mwisho darasani. Lakini inavumilia mvuke, inavumilia moshi wenye unyevu na asidi, na inatengenezwa kwa vitu vinavyopatikana sokoni. Svante ya Kanada, kampuni inayoitumia, ilikusanya dola milioni 318 mwaka 2022, Chevron ikiongoza wawekezaji, na BASF ndio wanaoitengeneza kwa wingi. Nyenzo zenye namba kubwa zaidi, nyingi zikiguswa na unyevu zinaporomoka. Mwenye fedha alinunua uvumilivu. Swali la kujiuliza usiku ni hili: yangu inavumilia nini?

2. Nenda na maji ya kule kule.

Hapa nitakaa, kwa sababu hili nimelishuhudia na bado linaniuma kwa niaba ya waliohusika. Vijana watatu wa mwaka wa mwisho, wachapakazi kweli, walitengeneza kaboni kwa maganda ya kahawa, wakaiamilisha, yaani wakaifungua vinyweleo, kwa potasiamu haidroksaidi. Walilenga zebaki. Lengo zuri: Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, na kila anayeyajua machimbo ya dhahabu ya Chunya anajua zebaki bado inachomwa ili kubaki na dhahabu. Wakapata mzee mmoja mwenye plenti ya kuchenjua marudio (mchanga wa dhahabu uliokwisha kuchakatwa mara ya kwanza) upande wa Makongolosi. Huyu hakuwa mwekezaji wa makaratasi. Chini ya bwawa lake kuna kisima na mashamba ya watu, na alikuja mwenyewe, na fedha anayo, na banda alishalitenga.

Akasikiliza slaidi zote bila kukatiza. Zilipoisha akasema, "Hiyo kaboni yenyewe iko wapi?" Wakampa kwenye kichupa. Akamimina kidogo kiganjani, akaitia matone ya maji ya kunywa, akasugua kwa dole gumba, taratibu. Kiganja kikawa cheusi mpaka kwenye mistari.

"Kijana wangu, ya kwangu ya vifuu vya nazi nikiisugua hivi mkono unabaki safi. Hii nikiitia kwenye tenki itavunjika, na unga wake utaondoka na dhahabu yangu."

Kiongozi wa kundi akajibu kwamba kaboni yao ina mita za mraba zaidi ya elfu moja kwa gramu. Mzee akauliza, kwa nia njema kabisa, "Mita za nini?"

Ninyi mnaosoma hapa mnajua kaboni ya dhahabu inavyofanya kazi. Inashiba dhahabu kwenye tenki la sainaidi, inapelekwa elusheni, yaani inavuliwa dhahabu hiyo, inaoshwa kwa asidi, inapita kwenye tanuru la nyuzi 650 hadi 750 hivi, inarudi kazini. Punje inasuguana na wenzake safari yote hiyo. Ndiyo maana vifuu vya nazi vimetawala: ni vigumu. Mtu yeyote Chunya aliyewahi kununua mfuko wa kaboni anaijua sifa hii kuliko mwalimu wa adsopsheni, na vijana wetu walikwenda mbele yake bila kuipima. Walimweleza kwamba yao si ya dhahabu, ni ya kusafisha maji ya bwawa. Lakini maji ya bwawa lake hurudishwa kwenye tenki, kwa hiyo hofu yake ilikuwa ya haki.

Swali la pili: "Ikishashika zebaki, naipeleka wapi?" Jibu lilikuwa kwamba itarudishwa upya kwa joto. Mzee akanyamaza, halafu akasema ana mdogo wake anayetetemeka mikono, alikuwa mchomaji wa zebaki. Hakuongeza neno. Alikuwa amewaambia jambo ambalo liko kwenye vitabu vyao wenyewe: kaboni yenye zebaki ukiitia kwenye tanuru, zebaki inatoka mvuke, na anayeuvuta ni kijana anayelisha tanuru. Kaboni ya namna hiyo haiendi elusheni. Inahitaji kifaa cha kunasa mvuke, au ishikwe kwa salfa ili zebaki isiachie kirahisi, kisha ifungwe na kuhifadhiwa kama taka hatarishi kwa taratibu za NEMC, baraza la mazingira. Yote hayo yana gharama, na gharama hiyo ni sehemu ya nyenzo yako. Haikuwemo kwenye slaidi hata moja.

La tatu lilikuwa kwenye buti la gari. Alikuja na dumu la maji ya bwawa lake. Vijana walipoyapima baadaye, uwezo wa kaboni haukufika hata robo ya ule waliouonyesha. Haukuwa muujiza. Majaribio yao yote yalikuwa ya maji ya distila yaliyotiwa zebaki peke yake, pH iliyorekebishwa kwa upole. Bwawani pH iko juu, kwa sababu wachenjuaji huitunza juu ya 10 ili sainaidi isigeuke gesi. Zebaki imekumbatiwa na sainaidi, shaba na chuma navyo vinagombea nafasi ileile, na tope laini linaziba milango ya vinyweleo. Kipimo chao kilikuwa sahihi kwa maji ambayo hayapo popote Chunya.

Mzee hakukasirika. Alishukuru, akaaga, fedha akazipeleka kwenye laina ya kuzuia bwawa lisivuje. Alifanya uamuzi mzuri. Kilichoniumiza ni kwamba vijana walikuwa na kitu. Kaboni ile laini ingefaa mahali pasipo na msuguano, kwa mfano kichujio kilichotulia cha maji ya kisima, au ingesagwa na kuundwa upya kuwa punje ngumu kwa kitu cha kuzishikamanisha. Dumu hilohilo lingeletwa mwanzoni mwa mradi, mwaka wao mzima ungeelekea kwingine, na huenda yule mzee angekuwa mbia wao leo.

Kwa hiyo: sampuli ya kwanza kuingia maabara iwe ya mahali pa kazi. Ugumu unaupima hata kwa chupa: pima uzito, zungusha na maji usiku kucha, chekecha, kausha, pima tena.

3. Usitie asidi kwenye maji yenye sainaidi.

Nalitenga peke yake kwa sababu linaua. Mmefundishwa kuhifadhi sampuli za metali kwa asidi ya nitriki, na mnafanya hivyo bila kufikiri. Maji ya plenti ya uchenjuaji yakitiwa asidi hutoa gesi ya haidrojeni sainaidi. Chupa ya sainaidi huhifadhiwa kwa sodiamu haidroksaidi, pH 12 au zaidi. Hujui kilichomo? Usiongeze kitu, uliza kwanza. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda hapa Mbeya.

4. Bechi tatu, watu watatu.

Gramu tano nzuri ulizotengeneza wewe, kwenye krusibo lako, siku ambayo umeme haukukatika, bado si bidhaa. Mpe mwenzako maelekezo yako akatengeneze bila wewe kuwepo. Matokeo yakitofautiana sana, una tatizo la maelekezo, na ni heri ulijue leo kuliko mbele ya mtu anayetaka tani. Na hesabu kemikali za kuamilisha. Potasiamu haidroksaidi mnayoimimina mara mbili, mara tatu ya uzito wa malighafi, pamoja na maji yote ya kuiosha, ndiyo inayoua bei. Viwanda vingi huamilisha kwa mvuke. Jaribuni mvuke mapema, hata kama namba itashuka.

5. Ruzuku na mtaji ni vitu viwili.

Fedha ya COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, inalipia kujua kama kitu kinawezekana. Fedha ya mwekezaji inalipia kukikuza kitu ambacho tayari kinafanya kazi, na anataka hisa, na anataka irudi. Mifuko mingi ya mitaji huhesabu miaka kumi hivi, wakati nyenzo haziendi kwa mwendo huo: MOF-5 ya Yaghi ilitangazwa 1999, na ndiyo kwanza familia yake inaingia viwandani. Mwanafunzi akienda kwa mwekezaji na swali la ruzuku, wote wawili wanapoteza mchana. Mimi nina upendeleo wangu na sioni haya kuusema: mwekezaji wa kwanza awe yule ambaye tatizo liko uani kwake. Mwenye plenti Chunya. Mwenye kiwanda cha mbao Mafinga ambaye vumbi la mbao limemzidi. Chama cha ushirika chenye CPU, mtambo wa pamoja wa kumenya kahawa, inayomwaga maji machafu ya kahawa mtoni. Hao wanavumilia zaidi, maana hata ukichelewa tatizo lao bado lipo.

6. Hataza kabla ya bango.

Ongea na BRELA, wanaosajili hataza, yaani haki ya uvumbuzi, kabla hujabandika utaratibu wako ukutani kwenye maonyesho.

7. Hakuna malighafi ya bure.

Kila andiko la mradi lina sentensi kwamba maganda ni taka zinazopatikana bila gharama. Nendeni Igurusi mkaone. Mtu akija na kiroba, maganda ya mpunga anapewa na shukrani juu. Akija na Fuso mara ya pili, ana bei. Mara ya tatu amekuta wachoma tofali wamekwishachukua, maana tofali za huku kwetu zinachomwa kwa maganda hayohayo, na wao ni wateja wa siku nyingi. Kahawa ni vilevile. Baadhi ya viwanda vya kukoboa huyatumia maganda kama kuni, wafugaji wa kuku wanayataka, na ganda la msimu huu lenye unyevu halitoi kaboni sawa na la msimu uliopita lililokauka ghalani. Kundi moja nililolisimamia lilifanya jambo ambalo nawaombeni mliige: kabla ya kuwasha tanuru walikaa siku nzima kwenye geti la mashine ya kukoboa, wakaandika nani anachukua, kiasi gani, kwa shilingi ngapi, na kwa nini. Karatasi ile moja ndiyo mwekezaji aliyoomba kubaki nayo.

Mavuno ya kahawa Mbozi huanza karibu na Mei. Anayetaka maganda ya msimu ujao aanze kuzungumza na wenye kiwanda sasa, aandikishiane nao kiasi na bei, na achukue sampuli ya kila gunia tangu la kwanza.