Polisi warejesha pikipiki: wamemrejeshea nani?

SWALI: Neno la Kiingereza "recover" nilitafsiri vipi? Kamusi niliyonayo inaniambia "rejesha". Nikaandika, "Juma amerejesha simu yake iliyoibwa." Mwenzangu ofisini akasema nimemgeuza Juma kuwa mwizi. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Mwenzako. Ukisema Juma amerejesha simu, umesema simu ilikuwa mikononi mwa Juma naye ameipeleka inakostahili. Kama Juma ndiye aliyeibiwa, sema ameipata simu yake, au amerudishiwa.

Asili ya maneno haituchukulii muda. "Recover" liliingia katika Kiingereza kwa njia ya Kifaransa cha zamani, na mzizi wake ni Kilatini "recuperare". Rudi na rejea yote mawili tumeyatoa katika Kiarabu. Tatizo liko kwenye viambishi, vile vipande vinavyoongezwa kwenye kitenzi, na limenikera miaka mingi.

Kiswahili hakikubali kitu kihame bila kujua kimetoka mkono upi kikaingia mkono upi. Anayepokea anakopa, anayetoa anakopesha. Anayepokea anakodi, anayetoa anakodisha. Kurudisha na kurejesha ni vitenzi vya mkono unaotoa. Mkono unaopokea una kurudishiwa na kurejeshewa. Kiingereza kinamtazama aliyepata tu. Mfasiri anayebandika "rejesha" kila anapoona "recover" anaugeuza mwelekeo wa sentensi nzima.

Chukua kichwa cha habari ambacho hakikosi kila mwezi: "Polisi warejesha pikipiki tano zilizoibwa." Soma habari yenyewe hadi mwisho. Watuhumiwa wamekamatwa, pikipiki zimepangwa mbele ya kituo, zimepigwa picha. Hakuna hata mwenye pikipiki mmoja aliyekabidhiwa ufunguo. Zimerejeshwa kwa nani? Polisi wamezipata, au wamezikamata. Kesi ikifunguliwa, pikipiki inaweza kushikiliwa kama kielelezo mpaka mahakama iamue vingine. Hapo neno sahihi ni inashikiliwa. Siku mwenyewe atakapoonyesha kadi ya pikipiki, namba ya fremu ikalingana, akatia saini na kuondoka nayo, siku hiyo ndipo polisi wamerejesha pikipiki na mwenyewe amerejeshewa. Ni hatua tatu na vitenzi vitatu. Mwandishi aliyezikunja zote ndani ya "warejesha" amemfanya dereva wa bodaboda apande daladala kutoka Kimara mpaka kituoni, namba ya taarifa ya polisi (RB) mkononi, kufuata kitu ambacho hakitatoka leo. Hilo si kosa dogo la sarufi. Mtu amepoteza siku ya kazi.

Kwenye mikopo hali ni mbaya zaidi. "Benki yarejesha mikopo ya wakulima." Msomaji wa kawaida ataelewa kwamba wakulima waliikopesha benki, nayo inalipa! Kila mwanakikundi wa vikoba anajua kurejesha ni kazi ya mkopaji, na kile anachopeleka kila wiki kinaitwa marejesho. Benki inakusanya marejesho, inadai mikopo, inalipwa. Ikiwa mdaiwa ameshindwa, inakamata dhamana. Maneno yapo na yanatumika kila siku.

Liko kosa jingine, dogo kwa herufi moja tu: "Mteja hatarejeshwa nauli." Anayerejeshwa ni mtu aliyepelekwa alikotoka, kama mhamiaji aliyezuiwa mpakani. Andika "mteja hatarejeshewa nauli", au kwa kifupi "nauli hairudishwi". Nauli hurudishwa, mteja hurudishiwa. Silabi hiyo inayoangushwa ndiyo inayobeba maana.

Sasa tuje kwenye utajiri ambao "rejesha" limeufunika. Kilichozama au kutumbukia huopolewa: ndoo kisimani, mtumbwi ziwani, mwili wa marehemu. Kilichowekwa rehani hukombolewa. Ukiacha cherehani kwa mkopeshaji ukalipa deni, hujarejesha cherehani, umeikomboa. Opoa na komboa zinaishia na ile -oa ya chomoa na ng'oa, ya kukitoa kitu mahali kilikoshikwa. Ndiyo maana Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), iliyoanzishwa 1963 na kuweka makao yake Dar es Salaam, ilipata jina lililoiva: nchi ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Kenya timu iliyofungwa hukomboa bao, Tanzania tunasema imesawazisha. Yote mawili ni mazuri. Kilichonyang'anywa kwa nguvu hutwaliwa tena. Kilichopotea huonekana: "Mbuzi ameonekana," atasema mtu wa kijijini, na hakuna atakayeuliza zaidi.

Mgonjwa naye, ambaye Kiingereza humpa "recover" hiyohiyo, hupitia hatua. Kwanza anapata ahueni, yaani nafuu, maumivu yanapungua. Mwisho anapona. Anayeandika "mgonjwa anarejesha afya" amezifuta zote mbili, na ndugu waliokuwa wakisubiri habari hawajui kama wapike uji wa kupeleka wodini au waje kumchukua.

Kwenye kompyuta nakubali "kurejesha faili", kwa sababu ni programu inayolirudisha faili mahali pake, na mwenyewe anarejeshewa. "Kurejesha nenosiri" sikubali. Mfumo uliotengenezwa vizuri hauhifadhi nenosiri lako lenyewe, kwa hiyo hauna cha kukurudishia. Unakuruhusu uweke jipya. Andika "weka nenosiri jipya" na mtumiaji atajua la kufanya.

Umebaki mtaji. Wafanyabiashara wa Kariakoo husema "nimerudisha mtaji wangu" wakimaanisha fedha waliyotoa imewarudia kupitia mauzo. Kwa kanuni niliyoeleza, mtaji umerudi, au biashara imerudisha mtaji. Lakini usemi huo umeshakomaa, mwenye mtaji na mpokeaji ni mtu mmoja, na hakuna anayepotoshwa. Hao nawaachia.