Jibu: "Atsui desu ne" ni salamu, dada

Dada, umeuliza umjibu nini jirani yako Mjapani anayekwambia kila asubuhi "Atsui desu ne", yaani "joto kweli, eeh?" Hakuulizi habari za joto, anakusalimia. Uzito wote uko kwenye hiyo "ne" ya mwisho: anaomba mkubaliane. Mwitikie "Sō desu ne", ndivyo kabisa, inamisha kichwa kidogo, basi. Usimbishie eti Dar kuna joto zaidi.

Sisi tunaulizana habari za nyumbani na watoto. Wao kwa mtu wasiyemzoea hawaingii huko; jua na mvua ni vya wote. Mimi naiona ni heshima kubwa.

Hata barua rasmi huanza kwa kutaja msimu. Kwenye joto hutumiana kadi za kujuliana hali, shochū-mimai. Ikifika Agosti 7 au 8, kalenda ya jadi inahesabu vuli imeingia, basi kadi inaitwa zansho-mimai, ya joto lililobaki, hata kama jua bado linachoma.

Na ukialikwa siku ya mvua, sikiliza mwenyeji akisema "oashimoto no warui naka": anakushukuru kwa kuja ilhali chini pabaya kukanyaga.