Presha haishuki na anakoroma: anza na hicho kimya

Dada, umesema mumeo anameza dawa tatu na presha bado inasoma 160/100, anakoroma mpaka watoto wanasikia, halafu ghafla kimya, kisha anashtuka akihema. Hicho kimya ndicho cha kumweleza daktari, kuliko hata makoromo. Koo likiziba usingizini (tatizo hilo madaktari huliita sleep apnea), oksijeni inashuka, ubongo unamgutusha na mishipa inabana. Ikijirudia usiku kucha, presha hubaki juu hata mchana, na dawa zinaonekana hazifanyi kazi.

Mrekodi kwa simu akiwa amelala (akiambiwa tu, atabisha). Nendeni na video hiyo na daftari la vipimo kliniki ya presha, muombe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo au wa mapafu, Muhimbili wapo. Ulizieni kipimo cha usingizi, bei yake, na kama bima inalipia. Akikutwa na tatizo hilo la koo kuziba, tiba kuu ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa. Ni ghali, sikufichi.

Kwa sasa alale ubavu, aache bia za usiku na dawa za usingizi, apunguze kitambi. Dawa za presha asiziache hata siku moja. Na akiamka kichwa kinauma asubuhi, asikitulize kwa diklofenaki, dawa hiyo ya maumivu nayo hupandisha presha.

Kama anasinzia kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, usukani ashike mwingine kwanza. Presha ikifika 180/120 na kifua kinabana, mdomo umepinda au mkono umelegea, usisubiri kliniki: mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.