Kebo ya betri iliyoota ukijani kwenye trekta la bustani: usikate ncha kabla hujapima

Mkuu, hicho kisu kiweke chini kwanza. Nimekusoma: trekta la bustani la kukatia nyasi, linalala bandani karibu na bahari huko Bagamoyo, ukigeuza funguo linalia "tik" kisha kimya, kebo nyekundu imeota ukijani penye kichwa cha betri, na fundi amekushauri ukate hiyo ncha, ufunge taminali ya kubana kwa bolti, mambo yaishe. Umeuliza pia kama uhamie betri kubwa zaidi, utumie oili gani kwa joto la pwani, na kwa nini belti ya visu inateleza. Oili na belti tuziache kwanza, betri nitaigusa mwishoni. Naanza na hilo la kukata kebo kwa sababu hapo ndipo hela inapoteketea. Kwa ushauri kama huohuo nimeshalipia betri, stata (mota inayozungusha injini iwake) na solenoidi (swichi nene inayoipa stata umeme ukigeuza funguo), vyote vipya, wakati kibovu kilikuwa kipande cha waya kisichofika hata mita. Atakayecheka acheke, ila amalize kusoma.

Ukijani unaouona nje ndio kidogo. Mvuke wa asidi unaotoka kwenye betri ukikutana na shaba, na chumvi ya upepo wa bahari ikiongezea, shaba inaliwa na kugeuka unga wa kijani na buluu. Unyevu huo wenye asidi hauishii kwenye ncha. Unapanda katikati ya nyuzi, chini ya ganda la plastiki, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Ganda linabaki jekundu na zima kabisa, ndani nyuzi zimekuwa nyeusi na nyingine zimeshakatika. Ikunje kebo polepole karibu na betri: ikikakamaa, ikivimba mahali, au ukisikia vinyuzi vinakatika chini ya vidole, imekwisha. Ukitaka ushahidi, ipasue ganda kwa wembe kwa urefu, kiganja kimoja kutoka kwenye ncha. Shaba nzima ina rangi ya chungwa inayong'aa. Ukikuta weusi pale, kukata sentimita tano ni kukata kucha wakati mguu ndio unauma.

Halafu taminali yenyewe ya bolti. Inabana nyuzi kwa kibati kidogo na skrubu mbili, mdomo wake uko wazi, kwa hiyo unyevu unaingia bila hodi. Ukiifunga juu ya nyuzi nyeusi unabana oksidi juu ya oksidi. Na kwenye mashine nyingi za aina hii betri haina vile vichwa vinene vya mviringo vya gari. Ina masikio bapa yenye tundu la bolti, kwa hiyo taminali ya gari hata haikai sawasawa. Na kebo iliyofupishwa inavutika, inalivuta sikio la betri kila mashine inapotikisika, mwisho asidi inaanza kuvuja pale sikio linapotokea kwenye plastiki. Kisha unashangaa kwa nini ukijani umerudi.

Sasa sikiliza hii, ndiyo iliyonigharimu. Fundi ataleta mita ya kupimia umeme, ataiweka kwenye mlio, atagusa ncha mbili za kebo, mita italia "piii", naye atakutazama kwa huruma na kusema: "Waya mzima boss, stata ndiyo imekufa." Huyo mtu mlipe nauli aende. Mlio ule unapatikana hata kama kebo imebakiwa na uzi mmoja, kwa sababu mita inapitisha umeme kidogo sana. Stata ya injini ndogo ya petroli inavuta amp 60, 100, hata 150 kutegemea ukubwa wa injini, na ule mshtuko wa kwanza unazidi hapo. Tuseme inahitaji amp 100 na kebo imeota ukinzani wa omu 0.03. Hapo volti 3 zinapotelea njiani na wati 300 zinageuka joto kwenye ncha moja. Mita ya kawaida haiwezi kukuonyesha omu 0.03, waya zake zenyewe zina ukinzani kuliko huo. Vivyo hivyo ukipima betri mashine ikiwa imetulia utasoma 12.6 kila mahali, hadi kwenye solenoidi, utaapa umeme unafika. Unafika, ndiyo, maana hakuna anayeuvuta.

Na madhara hayaishii kwenye kutowaka. Koili ya solenoidi mara nyingi inapata umeme wake, kupitia fyuzi na swichi ya funguo, kutoka bolti ileile ambako kebo nene ya betri inafika. Ukigeuza funguo solenoidi inafunga, stata inavuta, volti pale kwenye bolti zinaanguka kwa sababu ya kebo mbovu, koili inaachia, volti zinapanda, inafunga tena. Ndiyo ile "tratratra". Kila kufunga na kuachia ni cheche ndani, vigusio vinaungua, na siku moja vinashikana moja kwa moja. Hapo unachomoa funguo, unatia mfukoni, na stata bado inazunguka, mpaka ukimbilie kuchomoa kebo ya betri. Stata inayosuasua haijipoozi, na wewe umeng'ang'ania funguo ukidhani unaisaidia. Brashi zinaungua, koili inanuka. Kisha wanakuuzia stata mpya, unaifunga kwenye kebo ileile. Na muuza spea anakwambia "hizi za siku hizi si imara". Kwa kebo ile hata stata ya lori ingeonekana si imara!

Kwa hiyo kanuni ni moja, nitairudia hadi mnichoke: PIMA HUKU STATA INAVUTA. Hakuna kununua kitu, hakuna kukata kitu, kabla ya hapo.

Tafuta mtu akae kwenye kiti na kukanyaga breki, maana swichi za usalama hazitaruhusu vinginevyo. Kiunganishi cha visu kiwe kimezimwa. Chomoa waya wa plagi na uufunge kwenye chuma cha injini ili isiwake wala cheche isitafute njia nyingine. Mita iwe kwenye volti DC, kipimo cha 20. Asipige stata zaidi ya sekunde tano kwa mara moja, kisha muipumzishe.

Kwanza betri yenyewe, ncha za mita zikiwa juu ya risasi ya masikio ya betri, si juu ya taminali. Ikishuka chini ya 9.6 wakati wa kupiga, ichaji au ipeleke ikapimwe kabla ya kuendelea. Ikibaki 12.4 huku stata imegoma na umesikia tik, betri haina kosa, umeme hautoki. (Kama hata tik hakuna, rudi kwenye fyuzi na zile swichi za kiti na breki, hiyo ni habari nyingine.)

Kisha ncha nyekundu ya mita kwenye risasi ya chanya ya betri, nyeusi kwenye bolti nene ya solenoidi kebo hiyo inapofika. Apige stata. Mita sasa inaonyesha volti zinazopotea njiani: 0.2 kushuka chini ni sawa, 0.5 ni ubovu, ukiona 2 au 3 umeshampata mwizi. Sogea: bolti hadi bolti ya solenoidi, nayo isizidi 0.3. Hapo angalizo, kama solenoidi haijafunga kabisa utasoma karibu volti zote za betri, na hiyo haimaanishi kebo. Kisha bolti ya pili ya solenoidi hadi bolti ya stata. Mwisho, ambao karibu wote wanauruka: mwili wa stata hadi risasi ya hasi ya betri. Kebo nyeusi inaoza sawa na nyekundu, tena yake inafungwa kwenye fremu iliyopakwa rangi, na rangi haipitishi umeme. Ukitaka kujua kama kosa liko kwenye mgusano au ndani ya waya, pima kati ya risasi ya betri na taminali iliyoifunga: ikizidi 0.1, safisha hapo kwanza. Huenda ukamaliza kazi kwa brashi ya waya na magadi soda, kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji, vifuniko vya betri vikiwa vimefungwa ili yasiingie ndani yakaua asidi. Zile habari za kumwagia soda ya chupa waachieni wenyewe. Inang'arisha juu na kuacha sukari.

Ikithibitika kebo ni mbovu, badilisha nzima, kutoka ncha hadi ncha. Anza kufungua hasi, maliza kufunga hasi. Ukianza na chanya, siku spana itakapogusa fremu utapata uchomeleaji wa bure juu ya tangi la petroli.

Kebo nyembamba kabisa ya kukubali ni milimita za mraba 16, mimi nasema 25. Kwa 25, mita moja kwenye amp 100 inapoteza takriban volti 0.08, hujali tena. Iwe shaba ya nyuzi nyembamba nyingi, kama ile ya mashine ya kuchomelea au ya kuunganisha betri za sola. Waya wa nyumbani wa nyuzi saba nene usikubali, mtikisiko utauvunja penye taminali. Na usikate zile kebo za bei poa za kubustia magari: nyingi ni alumini iliyopakwa shaba, nene kwa nje kwa sababu ganda ndilo nene. Dukani kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, rudisha. Muuzaji atakuapia ni shaba. Mwambie akwaruze yeye.

Lagi, yaani vile vichwa vyenye tundu vinavyobanwa kwenye ncha za kebo, ziwe za shaba iliyopakwa bati, namba 25 kwa kebo ya 25, tundu lilingane na bolti. Mara nyingi ni M6 upande wa betri na M8 kwenye solenoidi, lakini ziko tofauti, nenda na bolti zako mfukoni. Zibanwe kwa mashine ya haidroliki yenye kinywa cha pembe sita; mafundi sola wanazo na kubana lagi mbili ni kazi ya dakika chache. Nyundo na msumari hapana. Kuunga kwa risasi ya kuyeyusha (solda) pekee nako hapana: risasi hiyo inapanda kwenye nyuzi na kuzikakamaza, zinakatika pale ilipoishia, na mgusano ukipata moto sana risasi ya kawaida inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 183. Menya ganda urefu wa shingo ya lagi tu, bana, vuta kwa nguvu zako zote. Ikichomoka mikononi mwako shukuru, ingechomokea shambani. Kisha vuta juu yake mpira unaosinyaa kwa moto, ule wenye gundi ndani, uzibe mahali lagi inapokutana na ganda. Unyevu unaingilia hapo.

Ipitishe kebo ilipopita ya zamani, mbali na egzosi, isisugue ukingo wa bati. Hii kebo ya stata kwa kawaida haina fyuzi. Ikichubuka ikagusa fremu hakuna kitakachokatika isipokuwa roho yako. Upande wa hasi kwangua rangi hadi chuma cheupe, weka washa ya meno, na ukipenda ongeza kebo ya pili kutoka hasi ya betri hadi bolti ya injini yenyewe, usitegemee fremu yenye kutu. Grisi au vaselini paka baada ya kukaza. Usikaze kupita kiasi, sikio la betri ni risasi, linapinda.

Betri kubwa? Haina maana hapa. Mashine nyingi hizi zimetengenezwa kwa betri ya volti 12 ya saizi ya U1, na kasha lake halipokei nyingine bila kukata bati. Betri ya lori kwenye kebo iliyooza itakupa tik ileile, kwa heshima zaidi. Ila ikishawaka, pima chaji kwenye betri injini ikiwa kasi ya juu: kati ya 13.8 na 14.7. Ikizidi hapo, regyuleta (kidhibiti cha chaji) inaichemsha betri, asidi inatoka kama mvuke, na kebo yako mpya itaota ukijani kabla ya masika yajayo. Hapo utarudi kusema nilikudanganya.

Leta hapa namba nne: betri wakati stata inavuta, upande wa chanya, solenoidi, upande wa hasi. Na huyo fundi akija tena na mita yake ya "piii", mwambie aendelee kushika ncha zake pale pale huku wewe unapiga stata, tuone atasemaje.