Walichotaka mashabiki wa Kentucky

Ndugu, umeuliza kwa nini mashabiki wa timu ya mpira wa kikapu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, walinung'unika Mark Pope alipotangazwa kuwa kocha Aprili 2024, kisha siku chache baadaye wakaujaza Rupp Arena, ukumbi wa timu hiyo, kumlaki. Manung'uniko yalikuwa na msingi: kocha aliyemtangulia, John Calipari, aliyewapa ubingwa wa 2012, alikuwa ametolewa na vyuo vidogo katika raundi ya kwanza ya mashindano ya NCAA (ya ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani), na Saint Peter's mwaka 2022 na Oakland mwaka 2024, halafu nafasi yake akapewa mtu ambaye, akiwa kocha mkuu, hakuwa ameshinda hata mchezo mmoja wa mashindano hayo. Kilichowageuza ni kwamba Pope alikuwa nahodha katika kikosi cha Kentucky kilichotwaa ubingwa wa 1996, na siku ile aliingia ukumbini kwa basi pamoja na wachezaji wa zamani, akiwa na kombe mkononi. Mtu wa nyumbani husamehewa mengi, ingawa, kwa maoni yangu, si kwa muda mrefu: msimu wake wa kwanza aliifunga timu ya Chuo Kikuu cha Duke na kufika hatua ya timu 16 bora za NCAA, lakini pale Lexington, mji kilipo chuo hicho cha Kentucky, kipimo ni ubingwa.